Kifungu cha Kuazimana Bunduki

Hoja ambayo kansili yetu ya Kakamega iliipitisha kuhusu bunduki niliipiga chapa mimi, kwa vidole vyangu, na kwenye mstari wa nne nikaandika "mtoto mmoja wa kike, umri miaka sita". Mtoto huyo mmoja alikuwa wangu. Karani haruhusiwi kuingiza jina la mwanawe kwenye karatasi za serikali, na hata hapa sitaliandika, kwa sababu nililizoea likiitwa uani, kwa sauti, na mtu anayejua kwamba ataitikiwa.

Miaka ile miwa ilikuwa imetupanda kichwani sote. Watu waling'oa mihogo, wakang'oa migomba, wakapanda miwa hadi ukutani mwa choo. Mzaha wa wakati huo ulikuwa kwamba ukitaka kumzika mtu wako lazima kwanza ukaombe nafasi kiwandani. Trekta zilipita kutwa zikivuta matela yaliyojaa, na watoto wa shule walizikimbilia nyuma kuchomoa kijiti cha kutafuna njiani. Nyumba za nyasi zilivuliwa kofia zikavikwa mabati. Sisi tulikaa upande wa Buyangu, mahali shamba linapoishia na msitu unapoanzia, na nyani wa msitu ule hawakuhitaji kusoma gazeti ili wajue kwamba miwa imekuja. Walishuka kwa ukoo mzima, wazee kwa watoto, wakala miwa, na walipochoka na utamu wakaingia kwenye kipande cha mahindi kilichobaki.

Ndivyo bunduki ilivyofika nyumbani. Baba aliomba leseni, akapimwa, akahojiwa na chifu na polisi, akapewa. Ilikuwa bunduki ya marisau ya mtutu mmoja, ile inayofunguliwa katikati kutiwa risasi. Aliitundika ukutani juu ya kiti chake, kwenye misumari miwili, na risasi akazifungia kwenye kasha chumbani. Baba yangu alikuwa mtu wa kuhakikisha. Alizima taa ya mafuta kisha akarudi kuitazama kama kweli imezima. Aliwahesabu kuku akawahesabu tena, na mama akamwuliza kama anaogopa watazaana katikati ya hesabu. Nikikua nilimcheka kwa tabia hiyo. Sikujua kwamba siku moja nitaitumia kumhukumu.

Jirani yetu wa karibu alikuwa dada yake, senje wangu. Kwetu dada ya baba ni senje, na senje ni baba aliyevaa gauni: anaweza kukuchapa, anaweza kukutetea, na akikuozesha umeozwa. Huyu wangu alikuwa mjane wa askari wa zamani, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Marehemu mume wake alimfundisha kulenga, na alilenga kuliko baba. Binti zake walikuwa wameolewa mbali. Alibaki na miwa yake, mahindi yake, na nyani walewale.

Lazima niseme jambo moja kuhusu kuazimana kwetu, maana mtu wa mbali anaweza asilielewe. Chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Ukiazima ungo unaurudisha na viganja viwili vya njugu. Ukiazima sufuria unairudisha na ndizi, na kama huna kitu kabisa utachuma hata mboga za kando ya njia uziweke ndani. Na hutangazi. Unakiacha chombo jikoni unakwenda zako; mwenye chombo atafunua mwenyewe na kuona. Anayesema "nimekuwekea kitu humo" amejisifu. Katika mambo haya senje wangu hakuwa na mpinzani. Mwaka mmoja aliazima ngazi yetu kupandia dari, na tulipokwenda kuichukua ukutani tukakuta boga limefungwa kwa kamba kwenye daraja la juu kabisa. Mama alicheka siku mbili.

Leseni ya baba haikumruhusu kuazimisha bunduki. Alijua, na kila mwenye bunduki alijua, na kila mwenye bunduki aliazimisha, kwa sababu nyani akifukuzwa kwako anahamia kwa jirani, na jirani akija amesimama mlangoni utamwambia nini? Baba alimwazima senje peke yake. Alimpa bunduki na risasi mbili, si zaidi. Senje akazimaliza shambani, akairudisha bunduki tupu. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya baba: risasi mbili zimetoka, mbili zimelia kule ng'ambo, kwa hiyo bunduki haina kitu.

Mimi wakati huo nilikuwa mpiga chapa kansilini, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Amalemba, mjini. Mtoto wangu alikaa na wazazi wangu. Baba yake alikuwa ameshakwenda zake, na simlilii. Kila Jumamosi tulifunga kazi saa saba, nikanunua mkate, nikaenda nyumbani. Mtoto alinisubiri njia panda. Alikuwa na mazoea ya kuukagua mkate kabla ya kunisalimu, akauminya pembeni kuona kama ni wa leo, kisha ndipo akanikumbatia. Nilimwambia kwamba atakuja kuwa mkaguzi wa afya. Aliuliza kama wakaguzi wa afya wanapewanga mkate bure.

Jumamosi ile njia panda hapakuwa na mtu. Nilidhani amelala. Nilipokaribia nyumbani niliona watu uani, na wanawake wamekaa chini na miguu imenyooshwa, na nilijua, kwa sababu kwetu wanawake hawakai hivyo kwa jambo jingine. Nilichojua ni kwamba kuna msiba. Nilidhani ni mama. Hadi leo naona haya kwamba niliposikia sauti ya mama akilia ndani, moyo wangu ulitulia kidogo.

Nilielezwa baadaye, kwa vipande. Baba alikuwa ameteremsha bunduki kuipaka mafuta, kama kila Jumamosi. Kabla ya kuifungua alikuwa na kawaida ya kuvuta kifyatulio mara moja, kusikiliza kama springi yake bado ina nguvu. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini anamenya njugu. Basi. Siwezi kuandika zaidi ya hapo, na nimejaribu mara nyingi.

Baba aliwaambia polisi kwamba jioni iliyotangulia alikuwa amekwenda kufukuza nyani, akarudi na risasi moja ndani ya mtutu, akasahau kuitoa. Alirudia maneno hayo mbele ya hakimu bila kuongeza wala kupunguza. Bunduki ikachukuliwa, leseni ikafutwa, akapewa kifungo cha nje. Watu walimhurumia. Walisema ni ajali, walisema ni mapenzi ya Mungu, na kanisani wakamwombea.

Mimi sikumhurumia. Alisahau! Mtu aliyezima taa mara mbili. Mtu aliyehesabu kuku mara mbili. Angekuwa mlevi ningemwelewa. Angekuwa mzembe ningejilaumu mwenyewe kwa kumwachia mtoto. Lakini alikuwa mtu asiyesahau, na kitu kimoja alichokuja kusahau maishani mwake kikawa kile. Nilimwuliza mara moja tu, wiki moja baada ya mazishi, nikamwambia anieleze ilikuwaje. Alisema, "Nilisahau, mama." Baba aliniita mama kwa sababu jina langu nililipata kwa mama yake. Nilisimama nikatoka, na tangu siku hiyo sikula tena nyumbani mwake.

Anayejua nyumba za kwetu anajua kukataa chakula ni nini. Nilikuja Jumamosi, nikapalilia kaburi, nikamsalimu mama, nikampa baba mulembe, salamu ya kwetu, ya mdomoni tu, nikaondoka. Mama alinifuata na sahani ya obusuma, ugali wa kwetu, mpaka njiani. Nilimwambia nimekula mjini. Alijua nasema uongo na aliniacha niseme. Hali hiyo ilikwenda mwaka mmoja na nusu. Nilitaka kitu kimoja tu: baba aseme ukweli wa siku ile, wote, aniambie ilikuwaje mtu kama yeye akasahau. Mpaka aseme, sitameza kitu chake.

Ndipo diwani wa kwetu alipokuja na hoja yake. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mkavu wa maneno, na katika wadi yake alikuwa amezika watu wawili kwa ajali za bunduki za nyani, mtoto wangu akiwa wa pili. Kansili haina uwezo wa kutunga sheria ya bunduki. Sheria hiyo ni ya Nairobi, na tulichoweza ni kupitisha azimio la kuomba Nairobi iikaze. Yeye alisema hata kuomba ni kazi. Kama sisi tunaoishi na bunduki hizi hatuombi, nani ataomba? Akaniletea rasimu niipige chapa. Aliiweka mezani pangu kwa adabu, akasimama pembeni kofia mkononi, akasema kama siwezi atampa karani mwingine. Nilisema naweza.

Vifungu vilikuwa vitatu. Cha kwanza, bunduki ikae kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi zikae mahali pengine. Cha pili, kila mwaka chifu na askari wapite nyumba kwa nyumba kuzikagua. Hivyo viwili vilikuwa kwa wino. Cha tatu kilikuwa kimeongezwa chini kwa penseli: mwenye leseni asimwazime mtu mwingine bunduki yake kwa sababu yoyote ile, na anayeazima na anayeazimisha wote wawe na kosa.

Nilimwuliza hiki cha penseli kimetoka wapi. Alisema ni cha mzee wangu. Alikuwa amemwendea baba mara tatu kumwomba aje aongee mbele ya madiwani, na mara ya tatu baba alikubali kwa sharti kwamba kifungu hicho kiwekwe. Nilikasirika. Niliona ni mbinu ya kukwepa, mtu aliyesahau risasi yake mwenyewe anataka kuzungumzia kuazimana. Niligonga kifungu kile kwa nguvu mpaka herufi zikatoboa karatasi, ikabidi nirudie ukurasa.

Mkutano ulikuwa asubuhi. Ukumbi wa kansili ulikuwa na meza ndefu ya madiwani, kiti cha mwenyekiti, meza yangu ndogo pembeni yake, na nyuma mabenchi ya wananchi. Madiwani walijadiliana kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa hati mkato, kisha nikaenda kuyapiga chapa maneno yao kwa Kiingereza. Nakala moja ilikwenda kwa D.C., mkuu wa wilaya, kila mara, ndiyo maana sisi makarani tulikuwa na msemo wetu, kwamba kisichoandikwa hakikusemwa. Baba alikuja amevaa koti la kanisani. Alikaa benchi la mbele. Mama alikuja naye, na nyuma yao, peke yake, senje. Alikuwa amekonda. Nilidhani ni uzee.

Baba aliitwa. Alisimama akashika ukingo wa meza, na nikainamisha kichwa juu ya daftari ili nisimwone. Alisema yeye ndiye aliyeua mjukuu wake. Alisema kwa maneno hayohayo, hakusema ajali. Alisema bunduki aliitundika ukutani kama kalenda, na akaomba madiwani wasaidie kuzitoa ukutani. Mkono wangu uliandika bila mimi. Kifungu cha kwanza kilipita, na cha pili kikapita, hata diwani mmoja aliyekuwa na bunduki tatu akainua mkono.

Kifungu cha tatu ndicho kilichowachokoza. Diwani huyo wa bunduki tatu, mkulima mkubwa wa miwa na mcheshi sana, alisimama akasema kuazimana ni ujirani. "Leo nyani ako kwangu, kesho ako kwako. Sasa nisikupatie bunduki? Tuwe tunaangalianga tu?" Watu wakacheka. Akasema hajasikia hata mtu mmoja Kakamega hii aliyeumia kwa sababu ya bunduki ya kuazima. Mzee mwenyewe aliyeleta kilio yuko hapa, aulizwe. Akamgeukia baba. "Mzee, hiyo bunduki ulikuwa umeazima mtu?"

Niliinua kichwa. Baba alikuwa anamtazama diwani yule kana kwamba hajaelewa Kiswahili.

"Hapana," alisema. "Risasi ilikuwa yangu."

Diwani wa bunduki tatu alifungua mikono akawaonyesha wenzake kwamba mambo ndiyo hayo. Diwani wa kwetu alifunga macho. Mwenyekiti alisema kama kifungu hakina ushahidi basi ni bora kiondolewe, na akaanza kuuliza nani anaunga mkono kiondolewe. Mikono ilikuwa inapanda.

Senje alisimama. Wananchi wa mabenchi hawaruhusiwi kusema, na askari wa mlangoni akaanza kumfuata, lakini sauti yake haikuwa ya kungoja ruhusa.

"Mimi ndio nilirudisha hiyo bunduki," alisema. "Siku hiyo asubuhi. Nilirudisha na risasi ndani. Yeye alikuwa ananipatianga na risasi mbili, mimi namrudishianga tupu, kila siku tupu. Nikaona haya. Marehemu mzee wangu alikuwa ameacha risasi moja kwa mkebe. Nikaweka hiyo. Nilisema ndugu yangu atafungua aone."

"Keti, dada," baba alisema. Kisha akawageukia madiwani. "Huyu mama amelia mpaka amechoka. Msimsikize."

"Sijachoka," senje alisema. "Nilimwambia siku ya kuzika, akaniambia ninyamaze. Nimenyamaza. Sasa mnataka kutoa hicho kifungu."

Hakuna aliyecheka wakati huo. Askari alisimama katikati ya ukumbi hajui amshike au amwache. Mimi nilikuwa nimeandika kila neno. Hati mkato ni vijikunjo tu na nukta, na vyote vilikuwa pale, vimekaa vizuri kwenye mistari, dada ya baba yangu na risasi yake ya haya. Nikaelewa yote kwa mara moja: penseli ya kifungu cha tatu, sharti la baba, kule kukonda kwa senje. Nikaelewa pia kwamba vijikunjo vile vikifika mezani kwa D.C., kesho yake asubuhi polisi watakuwa mlangoni kwa mjane mmoja upande wa Buyangu, na kwa baba pia, kwa kuapa uongo.

Sitadai kwamba niliwaza mema mara moja. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi nilitaka waje wamchukue. Nilitaka mtu achukuliwe, yeyote. Boga la kwenye ngazi lilinijia kichwani, na mama yangu akicheka, na nilimchukia mwanamke yule kwa ukarimu wake.

Mwenyekiti alikuwa ameinama upande wangu. Alikuwa mtu mzima mwenye akili, na aliuliza polepole, ili wote wasikie.

"Karani, hayo ya huyu mama umeyaandika?"

Senje alikuwa ananitazama. Hakuniomba chochote kwa macho. Nadhani alikuwa tayari kwa neno lolote ambalo ningesema.

"Sijasikia, Bwana Mwenyekiti," nilisema.

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Akasema kwamba kwa kuwa karani hajasikia, na kwa kuwa hiyo haikuwa zamu ya wananchi, mkutano unaendelea. Akaomba kura juu ya kifungu cha tatu. Kilipita. Diwani wa bunduki tatu aliinua mkono wa mwisho, hakutazama mtu. Hilo niliandika.

Ukurasa wa senje niliuchana, nikauweka ndani ya kiatu, na nikautia kwenye jiko la kupikia chai la kansili kabla sijatoka.

Baba alikuwa amekaa nje kwenye benchi la wanaongoja leseni za biashara. Mama na senje walikuwa wamesogea mbali kidogo, wameshikana. Nilikaa kando yake. Mwaka mmoja na nusu sikuwa nimemkaribia kiasi hicho, na niliona shingo yake imekuwa ya mzee. Nilimwambia angeniambia. Angeniambia tu, mimi peke yangu, nisingesema kwa mtu.

"Ningekuambia, mama, ungefanya nini?" alisema. "Ungekataa chakula kwa senje wako pia. Yeye ana nani mwingine?"

Ni kweli ningekataa. Nililia pale mbele ya watu wa leseni, mtu mzima mwenye kazi ya ofisi. Nikamwomba msamaha. Nilimwambia kwamba kumbe hakusahau, kumbe kosa halikuwa lake, na mimi nimemnyima hata kumwona akila.

Alinikataza. Hakukasirika; alisema kwa sauti ileile aliyotumia kwa polisi na kwa hakimu. "Kuweka, aliweka mwingine. Lakini ilikuwa kwangu. Kuifungua niangalie ni kama kufumba jicho tu. Sikufungua. Wewe usinitolee hiyo, mama. Hiyo ni yangu."

Jumamosi iliyofuata nilikula kwake. Mama alichinja jogoo na kukaanga vizuri, kana kwamba ni Krismasi, na sote wanne tukakaa, senje akiwemo, na nyama ikapoa kwenye sahani. Tulikula kidogo kwa heshima ya mama.

Azimio lilikwenda Nairobi na vifungu vyote vitatu. Baada ya miezi mingi tulijibiwa kwamba limepokewa na linazingatiwa. Niliifungua barua hiyo mimi, nikaipiga muhuri, nikaiweka kwenye faili, na sikupata kuona nyingine. Diwani wa kwetu hakungoja. Alizunguka wadi kwa baiskeli na chifu, akashauri, akagombana, akabembeleza, na mafundi wa mjini walipata kazi ya kuchomelea masanduku ya chuma. Si wote walioyanunua. Diwani wa bunduki tatu alinunua matatu. Senje hakuazima tena kitu kwa mtu yeyote, hata chumvi. Kama hana, alikula bila chumvi. Nyani wakamaliza mahindi yake naye akawatazama.

Mimi nilikuja kuolewa, nikahamia Shirere, na baada ya miaka sita nikapata mtoto mwingine wa kike. Alipofikisha mwezi mmoja nilimpeleka nyumbani. Mama, ambaye kwetu mjukuu humwita kukhu, alimpokea mlangoni kwa vigelegele, senje akaja mbio kutoka ng'ambo akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Niliingia nikamfunua mtoto usoni, nikainama nimwekee mapajani, kama tunavyofanya, babu ampokee.

Alisimama haraka kuliko nilivyodhani anaweza. Alimtazama mtoto sana, akatabasamu, akasema ana macho ya ukoo wetu, akauliza kama ananyonya vizuri na kama analala. Aliuliza kila kitu. Mikono yake alikuwa ameiweka nyuma, ameishikanisha. Nikamsogezea tena mtoto, nikamwambia mpokee, baba, ni wako, na yeye akarudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukafika ukutani.

"Nimemwona, mama," alisema. "Mpe kukhu yake."

Aliishi miaka mingine kumi na mmoja. Alimfundisha mtoto yule kuhesabu kuku, alimchekesha, alimsindikiza shule akitembea upande mwingine wa njia. Hakuwahi kumshika.